Mama anaanza kemo mpya ya saratani ya utumbo mpana, na jikoni kumejaa mstafeli, habasoda na manjano. Anywe au asinywe?

Binti_Likoni aliandika:

Assalaam aleikum ndugu zangu, na habari za leo kwa wote.

Mamangu ana miaka 61. Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa utumbo mpana, akapewa dripu na vidonge, tukadhani tumevuka. Mwezi uliopita picha ya CT ikaonyesha madoa kwenye ini. Daktari amesema dawa za mwanzo hazitoshi tena, sasa wanambadilishia. Ataanza dripu ya irinotecan pamoja na 5-FU, zote dawa za kemo, kila baada ya wiki mbili. Tunaanza Jumanne.

Tangu habari ienee, mlango wa nyumba haufungwi. Halati yangu ametoka Malindi na mfuko mzima wa majani ya mstafeli, anayachemsha mpaka maji yanakuwa rangi ya chai ya mkandaa, anataka mama anywe bilauri tatu kwa siku. Jirani ameleta mafuta ya habasoda kutoka Mwembe Tayari. Mwingine amesema manjano kijiko kikubwa na pilipili manga, asubuhi kabla ya kutia kitu tumboni. Shemeji yangu kila usiku ananitumia ujumbe wa WhatsApp ule ule: mstafeli una nguvu mara 10,000 kuliko kemo, na kampuni za dawa zinaficha. Halafu kuna chupa ya soda imejazwa dawa nyeusi ya "kusafisha tumbo". Nimeifungua nikainusa, nikamuuliza aliyeileta, akanambia ni shubiri na sanamaki.

Mama anakunywa kila anacholetewa, hataki kumvunja mtu moyo. Jana alikunywa hivi vyote kabla ya adhuhuri, na chakula cha mchana kikamshinda.

Mimi sidharau dawa za miti, nimelelewa nazo. Nataka kujua tu: ndani ya vitu hivi kuna kitu cha kweli kinachopigana na saratani ya utumbo? Na kama kipo, atumie pamoja na kemo au aache? Daktari tunamwona kwa muda mfupi, na mama amenikataza nisimwambie habari za majani.

Mjukuu_wa_Takaungu alijibu:

Pole sana dada. Mimi nitasema ninachokijua. Ami yangu aliugua tumbo miaka mingi, akatumia majani ya mstafeli, akapona, mpaka leo anavua. Mungu hakuumba mti bure. Mpe mama, asikose. Hizo kemo zenyewe ndizo zinazomaliza watu.

Mfamasia_Mstaafu alijibu:

Binti, pole, na Mwenyezi Mungu ampe mama wepesi. Mimi ni mfamasia, sasa nimestaafu niko Tudor. Sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya katika kile chumba kidogo chenye kioo ambamo kemo huchanganywa kabla ya kupelekwa wodini. Nitakujibu kirefu, vumilia.

Kabla ya lolote: ile chupa ya shubiri na sanamaki iondoe leo. Usingoje Jumanne. Irinotecan ni dawa inayoharisha, na nitakueleza kwa nini. Mwili wa mama utaigeuza kuwa kitu kiitwacho SN-38, hicho ndicho kinachoua seli za saratani. Ini likishamaliza nacho, hukifunga pamoja na sukari ya aina fulani na kukitupa kwenye nyongo, nayo nyongo inamwagika kwenye utumbo. Huko bakteria wa utumbo wanakifungua tena, kikawa kikali kama mwanzo, kikaunguza ukuta wa utumbo. Ndiyo maana kuharisha kwa dawa hii kunaweza kuja siku kadhaa baada ya dripu, mtu yuko nyumbani na keshadhani amesalimika. Mama mwenye miaka 61, ambaye hali vizuri, akiharisha kwa dawa na juu yake umwekee sanamaki na shubiri, maji na chumvi za mwili zitamwishia usiku mmoja. Nimeona watu wakirudishwa wodini hivyo.

Na kuhusu shubiri kuna jambo zaidi. Taasisi moja ya serikali ya Marekani inayochunguza sumu iliwapa panya maji yenye dondoo la jani zima la shubiri, pamoja na ule utomvu wa manjano mchungu, kwa miaka 2. Panya wale walipata uvimbe kwenye utumbo mpana. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, likaliweka dondoo hilo katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Utomvu wa kupaka ngozi iliyoungua ni habari nyingine. Kumnywesha mgonjwa wa utumbo mpana, hapana kabisa.

Sasa swali lako lenyewe. Ndani ya miti kuna kitu? Ndiyo, kipo, na ushahidi mkubwa ni hiyo hiyo dripu ya Jumanne. Irinotecan ni dawa ya mti. Asili yake ni kemikali iitwayo kamptothesini, iliyotolewa kwenye mti wa China, Camptotheca acuminata. Walioitambua ni wanakemia wawili waliokuwa North Carolina, Marekani: Monroe Wall na Mansukh Wani, mzaliwa wa India. Walichapisha mwaka 1966. Wawili hawa hawa, mwaka 1971, wakachapisha habari za Taxol, iliyotoka kwenye gome la mti mwingine, na leo inatibu saratani ya matiti na ya ovari. Kwa hiyo ukiwa umekaa na mama chini ya ile chupa inayotona, ujue kwamba mti upo tayari kwenye mshipa wake.

Lakini tazama kilichopita katikati. Kamptothesini iliua seli za saratani maabara, ikawafaa panya, watu wakafurahi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikajaribiwa kwa wagonjwa. Walitapika, wakaharisha, chembe za damu zikashuka, na wengine wakakojoa damu kwa sababu kibofu kiliungua. Majaribio yakasimamishwa. Mti ulikuwa na nguvu ya kweli, na bado uliwaumiza watu kuliko ulivyowafaa. Mpaka 1985 ndipo ikaeleweka inafanyaje kazi. DNA ndani ya seli imesokotwa kama kamba ya makumbi, na seli inapotaka kugawanyika ni lazima msokoto ulegezwe. Kuna kimeng'enya, topoisomerasi ya kwanza, kinachokata uzi mmoja, kinalegeza, kisha kinaunga. Dawa hii inakizuia kisiunge. Seli inayogawanyika kwa haraka inabaki na mikato isiyofungwa, inakufa. Wajapani wakaibadilisha kemikali ile umbo, ikayeyuka vizuri kwenye maji, ikapimwa kwa watu kipimo baada ya kipimo, ikaidhinishwa Japani mwaka 1994 na Marekani 1996. Kutoka kuitambua hadi kwenye dripu, miaka 30.

Mimi nikiambiwa mmea fulani unaua seli za saratani, naamini upesi sana, kwa sababu mimea mingi inaua seli kwenye sahani ya maabara. Hata chumvi ikizidi inaziua. Ninachouliza ni kiasi gani kinaufikia uvimbe ndani ya mtu aliye hai, na njiani kinaunguza nini.

Tuje kwa mstafeli na ule ujumbe wa shemeji yako. Ile 10,000 haikutungwa hewani. Mwaka 1996 watafiti wa Purdue, Marekani, walitoa kemikali kwenye mbegu za mstafeli, wakaiweka juu ya seli za saratani ya utumbo ziitwazo HT-29. Hizo ni seli zilizotolewa kwenye uvimbe wa mwanamke mmoja mwaka 1964, na tangu hapo zinakuzwa kwenye maabara dunia nzima. Kemikali moja ilionekana kuwa na nguvu mara 10,000 kuliko adriamycin, dawa moja ya kemo, juu ya seli hizo. Basi. Ilikuwa kemikali iliyosafishwa, kutoka kwenye mbegu, juu ya seli zilizolala kwenye sahani. Na adriamycin haitumiki kutibu saratani ya utumbo mpana, kwa hiyo hata ulinganisho wenyewe hauhusiani na dawa za mama. Majani ya halati yako, yaliyochemshwa kwenye sufuria, hayamo kwenye utafiti ule hata kidogo. Hakuna aliyeficha: yalichapishwa na kila mtu anaweza kuyasoma. Baadaye, mwaka 2017, Indonesia walijaribu dondoo la majani kwa kundi dogo la wagonjwa wa utumbo mpana, wakapima damu yao juu ya seli maabara. Hilo ni jambo la kufuatilia, lakini halijaonyesha mgonjwa aliyeishi zaidi wala uvimbe uliopungua.

Halafu kuna Guadeloupe, kisiwa cha Karibi ambako watu wanakula sana mastafeli na kunywa chai ya majani yake. Mwaka 1999 madaktari wa huko waliandika kwamba wamekuta wagonjwa wengi wa kutetemeka na kukakamaa mwili, mfano wa Parkinson, ila dawa za kawaida za Parkinson hazikuwasaidia, na wengi wao walikuwa watumiaji wa mstafeli. Kemikali iliyoshukiwa ni anonasini, na ndiyo ya jamii ile ile inayosifiwa kuua saratani. Inazima mitambo ya nguvu ndani ya seli, na seli za ubongo nazo zinahitaji nguvu. Mama akila stafeli moja bivu msimu wake, sina neno. Bilauri tatu za majani kila siku, miezi mfululizo, mimi kama mamangu nisingempa.

Mjukuu wa Takaungu, namshukuru Mungu kwa ami yako kupona, nasema kwa dhati. Ila ulisema aliugua tumbo. Kuna vidonda, kuna amiba, kuna mambo mengi ya tumbo. Mama wa Binti amekatwa nyama ikapimwa, imeonekana saratani, na sasa iko kwenye ini. Tusimwekee mzigo wa mgonjwa mwingine.

Manjano nitayarudia baadaye, simu yangu inazimika.

Tabibu_wa_Mwembe_Tayari alijibu:

Mimi nauza dawa za miti, kazi ya baba na babu, na nina leseni. Nakubaliana na mfamasia. Mtu akija kwangu nikaona ana kadi ya kemo, simpi dawa ya kunywa. Namwambia nenda kwanza kwa waliokutia dawa mshipani, wakikuruhusu rudi. Wapo wenzangu wanaouza bila kuuliza, wanachafua kazi. Binti, hiyo chupa ya soda isiyo na jina la mtengenezaji wala tarehe, hata mwenye afya nzima asiinywe.

Ummu_Kisauni alijibu:

Bwanangu alitumia irinotecan. Dadangu, ninalokuomba: vile vidonge vya kuzuia kuharisha, loperamide, viwe ndani ya nyumba kabla hujatoka kliniki, usiseme utanunua kesho. Sisi kulianza saa nane za usiku, maduka yamefungwa, nikapanda tuktuk kutafuta duka la dawa lililo wazi. Waulize wakuandikie namna ya kuvitumia kwenye karatasi, maana maelezo yao si kama yale ya kwenye pakiti.

Binti_Likoni alijibu:

Nawashukuru nyote, Mungu awalipe. Chupa nimeimwaga. Halati amenuna lakini ameelewa baada ya kumsomea habari za panya.

Bi mfamasia, limebaki la manjano na la habasoda. La habasoda ni zito nyumbani kwetu. Mama anasema Mtume (s.a.w.) amesema ni ponyo la kila ugonjwa isipokuwa mauti, sasa mimi nitamkatazaje? Naogopa kuonekana napinga hadithi. Na la kumwambia daktari, mama anaona haya, anasema atagombezwa na kuambiwa mshamba.

Mfamasia_Mstaafu alijibu:

Hadithi ile ni sahihi, imo kwa Bukhari na Muslim, na mimi Muislamu mwenzenu siipingi. Lakini mtume huyo huyo ametuamrisha tujitibu, na hadithi haikutaja chupa ya mafuta wala vijiko vingapi, wala haikusema mgonjwa aache kumweleza tabibu wake. Mwambie mama hivyo, kwa upole, ukiwa umekaa naye peke yenu.

Kwa upande wa sayansi, habasoda ina kemikali iitwayo thaimokwinoni. Mwaka 2004 watafiti wa Beirut walionyesha kwamba inazifanya seli za saratani ya utumbo zijiue zenyewe, kwa kupitia p53, ile protini inayoilinda seli isigawanyike ovyo. Kazi nzuri, na imefuatiwa na nyingine nyingi za sahani na panya. Kwa wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana, majaribio makubwa ya kupima kama wanaishi zaidi hayajatupa jibu la kushika mkononi. Mbegu chache kwenye mkate au kwenye asali kidogo, kama tulivyozoea, hazina tatizo. Mafuta ya vijiko ndiyo nayasimamisha wakati wa kemo. Na kama mama ana kisukari au presha na anatumia dawa, kumbuka habasoda inaweza kushusha sukari na presha, na siku anayotapika asile, sukari itashuka zaidi.

Manjano. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hakuna mmea uliochunguzwa kwa saratani ya utumbo kama huu. Kemikali yake ni kurkumini. Kwenye maabara inafanya karibu kila unalolitaka: inapunguza uvimbe wa mwasho, inazuia seli kuenea, inazifanya zijiue. Shida ni kwamba ukiimeza, hainyonywi vizuri. Watu wamepewa hadi gramu 8 kwa siku na kwenye damu ikaonekana kidogo mno. Wengine wakasema sawa, damu haina, lakini utumbo wenyewe inaugusa, na hilo ni kweli, imekutwa kwenye nyama ya utumbo ya wagonjwa waliopewa gramu 3.6 kwa siku. Ndiyo sababu matumaini yalikuwa makubwa hasa kwa utumbo.

Mwaka 2006 wagonjwa 5 wenye ugonjwa wa kurithi unaootesha kwenye utumbo mpana vinyama vingi, ambavyo vinaweza kugeuka saratani, walipewa kurkumini pamoja na kwesetini, ambayo imo kwenye vitunguu, na vinyama vikapungua. Habari ikaenea dunia nzima. Kisha, mwaka 2018, daktari yule yule aliyeongoza utafiti wa kwanza akachapisha jaribio la haki: wagonjwa 44, nusu wakapewa kurkumini miligramu 3,000 kwa siku, nusu vidonge visivyo na kitu, bila wao kujua, kwa miezi 12. Vinyama havikutofautiana, si kwa idadi wala kwa ukubwa. Namheshimu mtu anayelipima tena jambo lake mwenyewe na kuchapisha jibu asilolitarajia. Leicester, Uingereza, wakatoa matokeo yao mwaka 2019: wagonjwa 28 ambao saratani ya utumbo imeshasambaa, wengine kemo peke yake, wengine kemo na kurkumini gramu 2. Ilivumilika. Lakini watu 28 hawatoshi kusema inasaidia, na kemo yao ilikuwa ya oxaliplatin, siyo hii ya mama.

Sasa pigeni hesabu. Unga wa manjano una kurkumini kama asilimia 3. Kijiko cha chai ni gramu 3 hivi za unga, kwa hiyo kama miligramu 90. Ili kufikia zile 3,000 za jaribio ambalo halikufanikiwa, mama angemeza unga gramu 100 kila siku. Haiwezekani. Ndipo watu wanaongeza pilipili manga, na kwa kweli inaongeza: mwaka 1998 India walionyesha kwamba miligramu 20 za piperini, ile kemikali ya pilipili manga, huongeza kurkumini kwenye damu kwa asilimia 2,000. Lakini angalia inafanyaje. Inalizuia ini lisiivunje na kuitupa. Ini hilo hilo linaishughulikia irinotecan, na la mama tayari lina madoa. Kumfungia ini milango wakati wa kemo ni kucheza na kipimo ambacho daktari alikipiga kwa uzito na urefu wake. Na wapo watu walioumia ini kwa vidonge vya kurkumini vilivyotiwa piperini, Italia na Marekani wameliandika hilo. Kwenye mchuzi na pilau, manjano na pilipili manga ale bila wasiwasi. Mnunue mzizi mzima Marikiti mkasage wenyewe. Bangladesh waliwahi kugundua unga uliotiwa rangi yenye risasi ili ung'ae.

Mmea unaweza pia kuiua dawa kimya kimya. Uholanzi mwaka 2002 waliwapa wagonjwa 5 wa irinotecan mmea wa Ulaya uitwao St John's wort, unaotumiwa kwa huzuni. Ile SN-38 kwenye damu ikashuka kwa asilimia 42. Mgonjwa hakuhisi kitu. Alikuwa anakaa kwenye kiti, anatiwa dripu, anapata zaidi kidogo tu ya nusu ya dawa. Mmea ule hapa kwetu si wa kawaida, ila unapatikana kwenye vidonge vya "kutuliza mawazo", kwa hiyo soma pakiti. Balungi nalo aliache, linaleta kinyume chake, dawa inazidi.

Nisije nikaonekana nakataza tu. Kuna dawa ya mmea iliyoonyesha kitu cha kweli kwa utumbo mpana kwa binadamu. Berberini, inayotoka kwenye mizizi na magome ya mimea fulani ya China na jamii zake, ilijaribiwa China katika hospitali 7 kwa watu waliokwisha kutolewa vinyama kwenye utumbo. Walipewa gramu 0.3 mara mbili kwa siku. Matokeo yalitoka mwaka 2020: baada ya miaka 2, vinyama vilirudi kwa asilimia 36 ya waliotumia, na asilimia 47 ya wasiotumia. Hiyo ni kinga ya vinyama, si tiba ya saratani iliyofika ini, kwa hiyo mama haimhusu. Lakini ninyi watoto wake inawahusu sehemu moja: mama akiwa na saratani ya utumbo mpana, ninyi mko kwenye hatari zaidi kuliko wengine. Waulizeni madaktari mnapaswa kupimwa kwa kolonoskopi, ile kamera ya kutazama ndani ya utumbo, kuanzia lini. Kinyama kikionekana mapema kinakatwa siku hiyo hiyo.

Na tangawizi, mpe. Mwaka 2012 Marekani walichapisha jaribio la wagonjwa 576 wa kemo, na waliomeza nusu gramu mpaka gramu moja kwa siku, pamoja na dawa zao za kichefuchefu, walichafukwa na moyo kidogo kuliko wenzao siku ya kwanza ya kemo. Chai ya tangawizi isiyo kali, anywe polepole. Damu yake ikionekana imepungua chembe za kugandisha, mtaambiwa, hapo mpunguze.

La kumwambia daktari: usimseme mama, sema wewe. Chukua karatasi, uandike kila kitu kilichoingia mdomoni mwake, majani, mafuta, unga, vidonge vya duka, na lini alikunywa mara ya mwisho. Vifungashio vyenyewe vitie kwenye mfuko uende navyo. Mpe mfamasia wa kliniki au muuguzi wa kemo, wao wana nafasi zaidi ya kukaa nanyi. Wakati wangu nilipokea mifuko kama hiyo kila wiki, na sikumgombeza mtu. Nilichoogopa ni yule aliyeficha, vipimo vya ini vikapanda, tukasimamisha kemo bila kujua kumbe ni chai ya mlonge au kitu kingine. Tungejua, tungeondoa kimoja tukaendelea.

Na msimamishe vyote sasa hivi, ili kipimo cha damu cha kabla ya dripu kionyeshe hali ya mama mwenyewe.

Mjukuu_wa_Takaungu alijibu:

Nimesoma yote. Nitamuuliza ami alipimwa nini hasa. Binti, mama apone inshallah.

Binti_Likoni alijibu:

Karatasi nimeiandika, imejaa ukurasa. Mama amekubali niishike mimi. Halati amesema basi kama majani hayatakiwi yeye atampikia, nikamwambia hiyo ndiyo kazi, kwa sababu mama amepungua sana. Swali la mwisho: madafu? Mama anayapenda na kila mgeni analeta. Na akiharisha ale nini?

Mfamasia_Mstaafu alijibu:

Madafu anywe, ila liwe bichi lililofunguliwa mbele yenu, si la chupa lililokaa juani. Muulize daktari kwanza kama figo zake ziko sawa, maana madafu yana potasiamu nyingi. Akiharisha, maji ya ORS ndiyo ya kwanza, madafu yanafuata. Chakula kiwe wali laini, ndizi mbivu, viazi vya kuchemsha, samaki wa kuchemsha bila pilipili. Maziwa na maharagwe myaache mpaka tumbo litulie. Halati ampikie kidogo kidogo mara nyingi, asimjazie sahani.

Loperamide ianze kwenye choo cha kwanza kisicho cha kawaida, kwa maelezo ya karatasi mtakayopewa, kama Ummu Kisauni alivyosema. Nunueni na kipimajoto. Joto likifika 38, au akiharisha usiku na mchana bila kukatika, au akashindwa kunywa maji, msingoje asubuhi na msipige simu kwa jamaa kuuliza. Mpelekeni hospitali na mlangoni mseme neno moja kwanza: yuko kwenye kemo.